Utafiti gani wa uzamili utawafaa wafugaji wa Singida?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni afisa mifugo wa kata mkoani Singida. Nimepata nafasi ya kusoma uzamili wa uzalishaji wa mifugo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro. Nafikiria kupima maziwa ya chotara wa Friesian, ng'ombe wa maziwa wa Ulaya, wilayani kwetu, lakini mkuu wangu wa idara anasema tasnifu hizi huishia kabatini. Nichague mada gani itakayowafaa wafugaji?

JIBU: Hongera kwa nafasi hiyo. Mkuu wako hajakosea sana. Yangu mwenyewe sidhani kama imesomwa na watu zaidi ya watano, wasimamizi wakiwemo.

Chotara waache kwanza. Kwenu mvua ni ya msimu mmoja. Ikishakatika, ng'ombe anashindia mabua hadi karibu Desemba. Mabua ya mahindi yana protini ghafi ya asilimia 3 hadi 5 hivi, na vijidudu vya tumbo kubwa la ng'ombe vinataka kama asilimia 7 ndipo vifanye kazi sawasawa. Ukileta mnyama mwenye mwili mkubwa zaidi juu ya lishe hiyo, utakuwa unapima njaa. Hata ng'ombe wa Mpwapwa, aliyezalishwa hapo jirani Dodoma, ana damu nyingi ya Sindhi na Sahiwal wa Asia, pamoja na zebu wetu. Ya Ulaya ni kidogo.

Wengi hukimbilia kuloweka mabua kwa urea. Kisayansi ni sahihi: kilo 4 au 5 kwa kilo 100 za mabua, unafunika wiki tatu. Ila inataka maji mengi, na Septemba huko kwenu mama anatembea saa nzima kutafuta ndoo moja. Nani atayamwagia mabua?

Mlichonacho cha kuziba pengo hilo la protini ni alizeti. Chukua mashudu kwenye mashine za kukamua za wilayani, uyapeleke maabara. Mashine ndogo huacha mafuta mengi, na mafuta yakipita asilimia 6 au 7 ya chakula chote, vijidudu vile hushindwa kumeng'enya nyuzinyuzi. Kwa hiyo mashudu ya mashine hii si sawa na ya ile. Ukitoka na jedwali linaloonyesha kila aina ya mashudu ilivyo na ng'ombe apewe kilo ngapi, umemwachia afisa mwenzako kitu cha kubandika ukutani.

Kisha jaribio la kulisha. Huhitaji kundi kubwa: ng'ombe wanne, lishe nne, kila mmoja azipitie zote kwa zamu, siku 21 kwa kila zamu, 14 za kuzoea na 7 za kupima. Tafuta waliozaa karibu wakati mmoja, na panga zamu ili lishe moja isiifuate nyingine ileile daima.

Hapa ndipo wanafunzi wengi huharibu. Ng'ombe wetu wa asili mara nyingi hashushi maziwa bila ndama. Ukipima ndoo peke yake, lishe nzuri inaweza kuonekana haina faida, kumbe ziada yote imenyonywa. Mpime ndama uzito kabla ya kunyonya na mara tu anapomaliza, tofauti ujumlishe na ya ndoo. Akikojoa katikati, kipimo hicho kitupe. Mizani iwe inayosoma gramu mia, na uwepo mwenyewe alfajiri, usimwachie kijana wa zizini.

Faida usiihesabu kwa lita. Hesabu shilingi zinazobaki baada ya kununua mashudu, kwa bei ya wakati wa mavuno na kwa bei ya Oktoba, maana huenda jibu lenyewe likawa ni kununua mapema na kuhifadhi. Basi pima pia yanakaa miezi mingapi kabla ya kuvunda.

Mada mpelekee msimamizi mapema mwaka wa kwanza. Jaribio likisogea hadi mvua zikaanza na majani yakaota, itabidi usubiri kiangazi kingine.