Mafuvu ya sukari: anza na maji, rangi baadaye

Oktoba ikielekea ukingoni hapa Houston, Marekani, meza yangu ya jikoni hujaa mafuvu ya sukari. Kazi hii nilifundishwa na jirani yangu, mama mwenye asili ya Toluca, mji wa Meksiko unaojulikana kwa maonyesho yake ya mapambo haya. Kwao, tarehe 1 na 2 Novemba ni siku za kuwakumbuka marehemu. Familia hupanga meza yenye picha, mishumaa, maua ya rangi ya chungwa, chakula alichokipenda aliyetangulia, na fuvu la sukari lenye jina kwenye paji la uso. Asikutishe mtu kwamba ni uchawi. Ni zawadi ya mapenzi, na hata walio hai hupeana.

Wengi wanaoniuliza huanza na rangi. Mimi huwaambia rangi zisubiri, kwani kinachoamua ni maji.

Kwa kila kikombe cha sukari nyeupe ya kawaida, weka kijiko kimoja cha chai cha unga wa ute wa yai na kijiko kimoja cha chai cha maji. Basi. Utaona maji ni machache mno na mikono itakuwasha uongeze, vumilia. Vunjavunja madonge kwa vidole mpaka sukari yote ilowe sawasawa, kama mchanga wa ufukweni maji yakishakupwa. Fumbata konzi moja: ikibaki na alama za vidole, iko tayari. Ikimomonyoka, nyunyiza matone. Ikinata, ongeza sukari.

Shindilia kwenye kalibu ya plastiki, hasa puani na kwenye meno, kisha sawazisha kwa kisu. Funika kwa kipande cha kadibodi, pindua mara moja, inua kalibu. Usiiache sukari ikaukie ndani, haitatoka. Fuvu likivunjika, lirudishe bakulini ulishindilie upya. Kalibu ikianza kunata, ioshe na uikaushe kabisa, la sivyo itang'oa pua zote.

Kadibodi isibadilishwe na sahani, kwa sababu yenyewe hunyonya unyevu. Mafuvu madogo yaache usiku kucha. Makubwa, baada ya saa chache, yageuze uchokoe sukari mbichi ya ndani kwa kijiko, maana katikati huchelewa sana kukauka. Houston hewa ni nzito kama Dar au Mombasa, kwa hiyo siku ya mvua mimi sianzi kabisa. Siku nyingine hufunga madirisha na kuwasha kiyoyozi.

Sasa ndiyo zamu ya rangi. Piga sukari ya unga, unga wa ute wa yai na maji kidogo mpaka mchanganyiko usimame wenyewe. Bakuli lisiwe na hata chembe ya mafuta, hautaumuka. Gawa kwenye vibakuli, tia rangi za jeli (za majimaji huulegeza), na uvifunike kwa kitambaa kibichi. Pinki, zambarau, feruzi, manjano: usizionee haya. Kwa mchanganyiko huo chora petali kuzunguka macho ya fuvu, kisha andika jina.

Ukibandika karatasi za kung'aa au shanga kwenye fuvu, watoto wasilile. Lihifadhi kwenye boksi la kadibodi, mahali pakavu, nalo litafaa tena mwaka ujao.