Nikipiga chafya, mkojo unanitoka

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 34, mama wa watoto wawili, wa mwisho ndiyo kwanza katimiza mwaka. Tangu nimzae, nikipiga chafya, nikikohoa au nikicheka sana, mkojo unanitoka. Nimeacha kuruka kamba, nimepunguza kunywa maji, na kila nikitoka navaa pedi. Mume wangu hajui. Dada yangu anasema ndivyo uzazi ulivyo, nizoee tu. Nilijaribu mazoezi ya kubana kwa wiki mbili, sikuona kitu. Je, ndiyo basi tena? – Mama Wawili*

Marahaba mwanangu. Hapana, siyo basi. Dada yako kasema nusu ya ukweli: jambo hili linawapata wanawake wengi waliozaa, na hata wasiozaa. Ila kuwapata wengi hakulifanyi liwe la kuzoea, na inaniuma kila ninapoona mwanamke kaambiwa anyamaze na jambo linalotibika.

Chini ya nyonga, kuanzia mfupa wa kinena mbele hadi kwenye kifandugu nyuma, kuna misuli iliyotandazwa kama wavu. Inaitwa misuli ya sakafu ya nyonga. Ndiyo inayobeba kibofu, mfuko wa uzazi na sehemu ya mwisho ya utumbo, na ndiyo inayosaidia kufunga njia ya mkojo na ya haja kubwa. Mimba huilemea miezi yote ile, kisha mtoto anapopita huivuta mno. Ndiyo maana hata aliyejifungua kwa upasuaji hajasalimika moja kwa moja, maana mimba aliibeba. Sasa ukipiga chafya, tumbo linasukuma chini kwa ghafla. Misuli ikiwa dhaifu au ikichelewa kukaza, mkojo unapenya.

Wiki mbili ni chache mno. Msuli huu unahitaji miezi mitatu hivi ya mazoezi ya kila siku kabla hujasema yamefaa au hayakufaa. Lakini nina wasiwasi na jambo jingine: huenda ulikuwa unabana pasipo penyewe. Daktari Arnold Kegel wa Marekani, ambaye mazoezi haya yanaitwa kwa jina lake, aliandika habari zake mwaka 1948, na alitengeneza kifaa cha kupima mkazo ili mwanamke ajue kama anakaza msuli unaotakiwa. Wengi hukaza makalio, mapaja na tumbo, wakadhani wamefanya kazi.

Basi anza upya, taratibu. Lala chali, kunja magoti, weka kiganja tumboni. Bana njia ya haja kubwa kana kwamba unazuia upepo usitoke mbele za watu, halafu endeleza mkazo huo hadi mbele, kana kwamba unazuia mkojo. Unapaswa kuhisi kitu kinavutwa ndani na kupanda juu. Makalio yabaki laini, tumbo lisitutumke, na pumzi iendelee kama kawaida. Ukihisi unasukuma chini, acha, hapo umegeuza mambo. Ukitaka uhakika, nawa mikono, ingiza kidole ukeni, ubane: utahisi kinashikwa na kuvutwa juu.

Ukishaupata msuli wenyewe, bana kwa sekunde tatu au nne, achia kabisa, pumzika kwa muda ule ule, rudia. Ongeza kidogo kidogo mpaka ufikie sekunde 10, mara 10, kisha malizia kwa mikazo 10 ya haraka. Fanya hivyo mara tatu kwa siku. Unapomnyonyesha mtoto ni wakati mzuri. Na hapo penye kuachia, tafadhali usipapuuze. Msuli usiolegea nao ni mgonjwa. Mtu mwenye maumivu ya nyonga au ya tendo la ndoa, au anayepata taabu kuanza kukojoa, asijibanebane ovyo kabla ya kuonwa na mtaalamu.

Usifanye mazoezi haya kwa kukatiza mkojo chooni, kibofu kitashindwa kujimaliza vizuri. Ila ukihisi chafya inakuja, bana kabla haijatoka na ushikilie mpaka ipite. Vivyo hivyo unapomnyanyua mtoto: bana, toa pumzi, ndipo unyanyue.

Maji rudia kunywa. Mkojo mzito hukichokoza kibofu, na choo kinakuwa kigumu. Na kujikamua chooni ni adui mkubwa wa misuli hii. Ukikaa kwenye choo cha kukalia, weka kigoda chini ya miguu ili magoti yapande juu ya nyonga, inama mbele kidogo, usijisukume. Kikohozi cha muda mrefu kitibiwe. Kamba iache kwa sasa, utairudia. Na ukiletewa vitu vya kuweka ukeni eti vinabana, kataa: vinakausha na kuchubua, msuli haviugusi.

Nenda kituo cha afya bila kungoja miezi mitatu ikiwa mkojo unauma au una damu, ikiwa unahisi uzito au kitu kinashuka ukeni, au ikiwa mkojo unavuja wenyewe usiku na mchana. Huko kuvuja kusikokatika, hasa baada ya uchungu wa muda mrefu, kunaweza kuwa fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, ambayo haitibiwi kwa mazoezi. Hata kama huna dalili hizo, omba kuonana na mtaalamu wa fiziotherapia anayeshughulikia nyonga. Akikukagua siku moja tu, utajua kama unabana sawasawa. Na mazoezi yasiposaidia vya kutosha, zipo pete za kutegemeza kibofu ambazo mtaalamu huziweka ukeni, na upo upasuaji.

Mumeo mwambie. Wanaume nao wana misuli hii, na waliofanyiwa upasuaji wa tezi dume hufundishwa mazoezi haya haya kwa sababu hii hii ya mkojo kuvuja. Watoto wakilala, mwambie kwa maneno machache kama ulivyoniandikia mimi, kisha mpangie kazi: siku ya kwenda kukaguliwa, yeye ndiye abaki na watoto.