Kiungulia cha vijana: maswali yenu ya wiki hii

Maswali ya kiungulia yamejaa, nadhani ni msimu wa mitihani huu. Nachukua manne.

Msichana wangu wa miaka 15 aliambiwa asidi inapanda, tangu hapo kila chakula anakiogopa. Mahamri hali, mbaazi hali, amebaki na chai ya rangi na biskuti. Nimlazimishe? (Mama, Langoni)

Usimlazimishe dadangu, ukimkazania mezani tumbo linakaza na yeye vilevile. Wangu alikuwa anawapa paka chini ya meza, nikajua siku yule paka wa barazani alipoanza kunenepa manake mwenyewe nilikuwa nikiona sahani nyeupe nafurahi, eti mtoto kala! Iko hivi: kati ya koo la chakula na tumbo kuna kilango, kikilegea asidi inapanda inachoma, na mtoto akichomwa mara moja baada ya kula kitu basi hicho kishakuwa adui, kesho anaongeza kingine, mwishowe anaogopa mpaka harufu ya jikoni. Na chai ya rangi kwa tumbo tupu haimsaidii kitu. Mpe kidogokidogo mara nne tano kwa siku, wali mweupe, samaki wa kupaka bila pilipili, ndizi mbivu, uji, halafu rudisha chakula kimoja kimoja, kipe siku mbili tatu kabla ya kingine, achague yeye. Ila ukiona nguo zinamning'inia au hedhi imekatika, mpeleke kwa daktari na umwambie wazi kwamba mtoto anaogopa kula, usitaje tumbo peke yake.

Mtihani ukikaribia moto unapanda kifuani na moyo unaenda mbio. Ni asidi ama ni uoga? (Fomu 4, Shela)

Yaweza kuwa vyote viwili mwanangu. Wasiwasi si lazima uongeze asidi, mara nyingi asidi ni ileile ila wewe unaisikia kwa ukali zaidi, ukiisikia unaogopa, ukiogopa unaisikia tena. Sasa ongeza na mambo yenu, kahawa ya saa tano usiku ili usome, viazi karai na ukwaju pale ufukoni, halafu huyoo kitandani na kitabu kifuani. Kula saa moja, lala saa nne, na ulalie ubavu wa kushoto. Moto ukianza kaa wima, weka mkono tumboni, vuta pumzi kwa pua polepole mpaka mkono uinuke, itoe taratibu zaidi ya ulivyoivuta, dakika tano hivi. Msuli wa pumzi unakizunguka kile kilango kwa hivyo hapo unatuliza moyo na unakaza mlango kwa mpigo mmoja. Lakini maumivu ya kifua yakija ukikimbia au ukizimia, hiyo ni hospitali.

Nampa vidonge vya kutafuna vya kutuliza asidi kila siku, kuna ubaya? (Baba, Mkomani)

Mara mojamoja sawa. Kila siku kwa wiki mbili, hapana, apimwe. Akiandikiwa omeprazole, ile dawa ya kupunguza asidi, ale asubuhi nusu saa kabla ya chakula, si kungoja mpaka achomeke. Na hizo ibuprofen za kichwa mnazogawiana kama peremende zinachubua tumbo. Akitapika damu, choo kikiwa cheusi kama lami au chakula kikimkwama kooni, hospitali siku hiyohiyo.

Nyanyake anasema ni jicho, akaandikiwe kombe (aya za kuoshwa na kunywa). (Malindi)

Muacheni bibi amsomee, mtoto mwenye wasiwasi akisomewa na anayempenda anatulia hata kama kilango hakisikii. Dawa apewe vilevile, na mabuyu ya pilipili mumnyang'anye kwenye begi la shule, anayala mapumziko tumbo likiwa tupu na hapo bibi hatawaambia, manake pengine yeye ndiye anayemnunulia.