Shangazi, mguu kifundo natibishaje na hela sina?

SWALI: Shangazi shikamoo, mwanangu ana wiki 3, kazaliwa na mguu kifundo yote miwili, nyayo zinaangaliana kabisa, baba ake bodaboda, bima hatuna, nikisikia oparesheni nalia tu. Mama kichanga, Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana, ila hujachelewa. Wengi hawafikii oparesheni kubwa, anafungwa plasta ngumu kila wiki kama mara 5 hadi 7 mguu unanyooka taratibu, halafu mara nyingi wanakata kidogo ile kano ya nyuma ya kisigino kwa ganzi. Hapo Dar nenda hospitali ya CCBRT Msasani, wanatibu miguu hii, ila si ya serikali, kwa hiyo uliza malipo kwanza. Kwa sera watoto chini ya miaka 5 hawalipii hospitali za serikali, ukidaiwa hela onana na ustawi wa jamii hapohapo kabla hujakimbilia mikopo ya mtaani. Kinachowakwamisha kinamama ni nauli jamani, kila wiki daladala na mtoto mgongoni, kwa hiyo baba atenge elfu kadhaa kila jioni. Na uulizie mapema viatu vyenye chuma katikati, plasta zikiisha atavivaa saa 23 kwa siku miezi 3, kisha akilala tu mpaka miaka 4 au 5, ukiviacha mguu unarudi kupinda. Anza wiki hii mwanangu.