Ramani ya gari imezeeka: nilipie au niachane nayo? Maswali yenu na majibu yangu

Haya wadau, maswali ya ramani zinazokuja na gari, zile zilizochimbiwa kabisa kwenye dashibodi, yamerundikana mpaka nimeona niyajibu kwa mkupuo. Nimeyafupisha maana wengine mmeandika kurasa mbili za kulalamika tu, na siwalaumu. Msimamo wangu niuseme mapema ili tusizungushane: wengi wenu hamna haja ya kulipia, ila wapo wachache ambao wasipolipia wanajipunja wenyewe, kwa hiyo kazi ni kujua uko upande gani kabla hujatoa hela.

Kaka, kuna barabara ya mchepuo ilishafunguliwa muda tu, nikipita pale kigari changu kwenye skrini kinaelea porini na sauti inakazana nigeuze nirudi. Satelaiti yake imekufa?

Satelaiti ni nzima, tena hapo ndiyo pekee isiyo na kosa. Satelaiti za GPS ziko juu huko kama kilomita 20,200, kazi yake ni kutuma saa na mahali zilipo basi, hazijui barabara wala daraja. Gari likizinasa angalau nne linapiga hesabu linajua liko wapi, halafu ile nukta linaibandika juu ya ramani iliyohifadhiwa kwenye memori kadi au kwenye diski ya ndani. Kwa hiyo ukiona kigari kinaelea porini ujue nukta iko sawa, ni ramani ndiyo haina habari kwamba pale pamepita lami.

Na usidhani gari jipya limepona. Data inakusanywa, inafungwa, inaenda kwa mtengeneza skrini, inajaribiwa, inaingia kiwandani, gari linapanda meli, linakaa yadi, siku unakabidhiwa funguo ramani inaweza kuwa na mwaka mzima au zaidi. Ingia kwenye mipangilio utafute sehemu ya kuhusu mfumo, toleo la ramani huwa limeandikwa pale na mara nyingi mwaka wake uko humohumo. Angalia kabla hujanilaani.

Bro, kwa nini wananidai hela ndefu hivi kuapdeti ramani wakati simu yangu inayo bure na inanionyesha mpaka foleni?

Hili ndilo mmeliuliza wengi kuliko yote, ngoja nilikalie. Kwanza hiyo ramani kampuni ya gari haikuichora yenyewe. Wachoraji wakubwa wanaoviuzia viwanda vya magari ni wachache sana, HERE na TomTom ndio utakutana nao mara nyingi, soma yale maandishi madogo ya haki miliki kwenye skrini yako uone. Ni biashara ya hela nzito: Nokia iliinunua Navteq, ambayo ndiyo HERE ya leo, kwa dola bilioni 8.1 na dili likakamilika 2008, halafu 2015 kampuni za magari za Audi, BMW na Daimler (wenye Mercedes) wakachanga wakainunua kwa Nokia kwa euro kama bilioni 2.8. Hiyo hasara ya Nokia pigeni hesabu wenyewe.

Sasa ramani ikishatoka kwa mchoraji lazima igeuzwe ili iendane na kila aina ya skrini, na hapa ndipo bei inapopandia. Faili linalosomeka kwenye gari lako halisomeki kwenye gari la kampuni hiyohiyo lililotoka miaka minne baadaye kwa sababu skrini ilishabadilishwa. Kwa hiyo wateja wa faili lako ni kundi dogo, na kila mwaka linapungua maana magari yanakufa, wengine wamehamia kwenye simu, na waliobaki ndio mnabebeshwa gharama nzima. Mchoraji anachukua chake, mtengeneza skrini chake, kampuni ya gari chake, na wakala akikufungia naye anahesabu muda wa fundi. Na unauziwa ramani ya bara zima wakati wewe ulichokuwa unakitaka ni barabara tatu.

Simu nayo si bure kivile. Google walipotangaza ramani ya kukuelekeza kona kwa kona bila malipo kwenye Android, Oktoba 2009, hisa za TomTom na za Garmin, wauzaji wa vifaa vya ramani, zilianguka siku hiyohiyo, maana nani atashindana na bure? Ila wenyewe wanalipwa kwa matangazo, na pia na wewe. Ule mstari mwekundu wa foleni si mchawi aliyeuona, ni simu za wenzio waliokwama pale mbele ndizo zinazotuma habari kwamba hatusogei. Wewe ndiye mpima barabara wao, mshahara huna. Mimi nimeridhika na hiyo biashara, kuna watu hawajaridhika na ni haki yao.

Sasa nani alipie? Nipe jibu la moja kwa moja, mimi ni dada wa kuendesha kwenda kazini na kurudi tu.

Dada usilipe. Njia ya kazini unaijua hata ukiwa na usingizi, chomeka simu yako, kama gari lina CarPlay au Android Auto, yaani linaweza kuonyesha ramani ya simu kwenye skrini yake, ndiyo umemaliza kabisa.

Wa kulipia ni hawa. Mwenye gari la umeme, kwa sababu magari mengi ya umeme ukiweka kituo cha kuchaji kama safari yako kwenye ramani ya gari, linaanza kuipasha betri njiani ili ukifika ichaji haraka, na simu mara nyingi haiwezi kuliambia gari jambo hilo. Halafu vituo vya kuchaji vinaongezeka na kufa kila siku, ramani ya zamani itakupeleka kwenye nguzo iliyong'olewa ukiwa na asilimia sita. Mwingine ni mwenye gari linalosoma kikomo cha mwendo kutoka kwenye ramani. Umoja wa Ulaya wamelazimisha kifaa cha kumkumbusha dereva kikomo cha mwendo, kilianza na modeli mpya Julai 2022 na tangu Julai 2024 ni kila gari jipya linalouzwa kule, na kinategemea kamera, ramani, au vyote viwili. Ramani ikiwa ya zamani gari linakupigia kelele kwenye barabara ambayo kikomo kilishabadilishwa, au baya zaidi linanyamaza pale ambapo lilitakiwa kusema.

Na kuna anayeshinda kwenye mahandaki marefu na chini ya majengo. Ramani ya gari inapokea habari za magurudumu na kihisi cha kugeuka, satelaiti zikipotea inaendelea kukadiria umetembea kiasi gani na umekunja wapi. Simu pale ndani inabaki inazungukazunguka kama kuku aliyefungiwa.

Nimedanlodi apdeti mwenyewe nikaweka kwenye fleshi, gari linasema halioni kitu. Nimerudia mara nne jamani.

Pole, hii ilishanitoa jasho na mimi. Faili lilikuwa GB 24, limedanlodika usiku kucha, asubuhi nikachomeka kwenye gari, kimya. Nikarudi ndani nikarudia, kimya. Mara ya tatu ndipo nikaona kwamba nilipofungua zipu kompyuta iliunda folda ndani ya folda yenye jina lilelile, gari lilikuwa linaangalia mlangoni na mzigo uko chumbani. Nikaitoa ile ya ndani nikaiweka mwanzo kabisa wa fleshi, ikakubali papo hapo. Nikashangilia mapema. Ikafika asilimia 71, skrini ikazima yenyewe kwa sababu sikuwa nimewasha injini na gari likaamua kulinda betri. Nilipowasha ikaanza na asilimia sifuri, nikakaa mle ndani dirisha limefunguliwa saa mbili na ushee nikiangalia mstari wa bluu unatambaa.

Kwa hiyo angalia folda kwanza. Kisha angalia fleshi imeformatiwa vipi, maana kuna mitindo ya kupanga mafaili, magari mengine yanasoma ule wa FAT32 tu na mengine yanakubali exFAT, na FAT32 haibebi faili moja linalozidi GB 4, ukiona kompyuta inakataa kukopi ujue ni hilo. Kama ni memori kadi iliyokuja na gari, hapo nakuomba sana USIIFORMATI, maana leseni inakaa humohumo na ukiifuta umenunua kipande cha plastiki. Kuna mifumo mingine inataka kadi ikae kwanza ndani ya gari lililowashwa ili iandike habari za gari, ndipo uipeleke kwenye laptopu. Na ile swichi ndogo ya pembeni mwa kadi, ikishuka chini kadi haiandikiki, watu wamepeleka kadi kwa fundi kwa ajili ya hiyo swichi.

Wakati wa kufunga, injini iwe inawaka au betri iwe kwenye chaja, na kama ni injini basi uwe NJE. Usikae kwenye gereji iliyofungwa na gari linanguruma saa mbili, ule moshi una hewa inayoua na haina harufu.

Mwanangu, mimi ni mzee mstaafu. Kuna kijana ananiuzia memori kadi ya ramani mpya kwa robo ya bei ya wakala. Nimwamini?

Shikamoo mzee wangu. Naomba usimpe hela kwanza. Kadi nyingi za halali zimefungwa kwa namba ya ile kadi yenyewe au kwa namba ya chesisi ya gari, ukikopi kwenda kadi nyingine skrini inaikataa. Hao vijana wanazipita hizo kufuli, wakati mwingine inafanya kazi vizuri tu sitakudanganya, ila ikigoma katikati skrini inaweza kuganda moja kwa moja, na kwenye magari mengi skrini hiyohiyo ndiyo redio, kamera ya nyuma na wakati mwingine mipangilio ya kiyoyozi. Kama bado unaitaka, mwambie aichomeke kwenye gari lako mbele ya macho yako, uione imewaka na uangalie mwaka wa toleo, maana wengine wanauza ramani ya miaka sita iliyopita kwenye kadi yenye stika mpya. Ila mzee, kama una mjukuu mwenye simu nzuri, hiyo hela mnunulie kishikizo cha simu, chenji itabaki.

Gari langu limetoka Japani limetumika, kila kitu Kijapani na ramani ni ya Tokyo. Naapdeti vipi?

Huapdeti. Skrini hiyo ilitengenezwa kwa soko la kule, haina ramani ya nje wala lugha nyingine, na nyingi ukichomoa betri inajifunga na kudai namba ya siri ya kuifungulia. Badilisha skrini au tumia simu, usipoteze wikiendi zako kama nilivyopoteza mimi.

Gari langu lilikuwa linajiapdeti lenyewe hewani, limeacha ghafla. Nimepeleka kwa fundi anasema ni zima.

Fundi yuko sahihi, ni zima. Uwezekano wa kwanza ni kwamba muda wa bure umeisha, kampuni nyingi zinakupa miaka michache ya mwanzo, baada ya hapo ni kulipia kwa mwezi au kwa mwaka, na ujumbe wa kukuambia walishautuma kwenye ile imeili uliyojisajilia siku ya kununua gari ambayo hujaifungua tangu siku hiyo. Nenda kaangalie.

Wa pili ndio unaouma: laini ya simu iliyo ndani ya gari ni ya 3G, mtandao wa kizamani, na mtandao huo umezimwa. Marekani kampuni ya simu ya AT&T walizima yao Februari 2022, na magari mengi yaliyokuwa yanaitegemea yakabaki viziwi hata kama mwenyewe alikuwa amelipia. Gari linaishi miaka ishirini, mtandao wa simu hauishi hivyo, na hilo hakuna muuzaji anayekuambia. Jaribu kama gari linakubali Wi-Fi ya nyumbani au fleshi, mengine yanakubali.

Saa ya kwenye skrini imeruka ikarudi nyuma karibu miaka ishirini, nikiiseti inarudi kulekule. Nikinunua ramani mpya itapona?

Kwa ramani peke yake, mara nyingi hapana. GPS inahesabu wiki, na namba yake ikifika wiki 1,024 inarudi sifuri, kama kaunta ya kilomita inavyojizungusha. Ilitokea Agosti 1999, ikatokea tena Aprili 2019, nyingine ni Novemba 2038. Kifaa kikiwa hakijaandikwa vizuri kinadhani kimerudi enzi zile, tena kingine kina tarehe yake ya peke yake ya kuchanganyikiwa, ndiyo maana yako imechelewa. Dawa ni apdeti ya programu ya skrini yenyewe, uliza hiyo, na usikubali kuuziwa ramani kama tiba ya saa.

Nauza gari wiki ijayo, niapdeti ramani lipande bei?

Usiapdeti, mnunuzi ataangalia matairi. Cha kufanya ni kufuta safari zako, anwani zako na simu zilizounganishwa, rudisha mipangilio ya kiwandani kabisa. Mimi gari nililonalo nilipolinunua nilibonyeza kitufe cha Nyumbani kwa kujaribu tu, likaniambia dakika 38, na nikaona mtaa na namba ya nyumba ya mtu ambaye sijawahi kukutana naye. Niliifuta. Kwenye orodha ya chini yake kulikuwa na shule ya mtoto na kliniki, nazo nikafuta.