Metformini kwa mwenye lupasi asiye na kisukari

SWALI: Daktari, nina lupasi na natumia haidroksiklorokwini pamoja na prednisoloni kidogo. Sina kisukari. Nimesikia metformini, dawa ya kisukari, hutuliza lupasi. Je, nami niitumie?

JIBU: Pole kwa kuugua. Ulichosikia kina msingi, ila bado hakijakamilika.

Kwenye lupasi, ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wenyewe, seli T za kinga huchoma sukari kupita kiasi, na mitokondria zake, yaani vinu vya nishati vya seli, nazo hazipumziki. Metformini hupunguza kasi ya mitokondria. Mwaka 2015 watafiti waliwapa panya wenye lupasi metformini pamoja na kemikali inayozuia uchomaji wa sukari, na dalili zikarudi nyuma. Zingatia hapo: zilikuwa mbili kwa pamoja, jambo ambalo wasimuliaji wengi hulisahau.

Kwa binadamu, utafiti ninaoutilia maanani zaidi ulifanyika China, matokeo yakatoka mwaka 2020. Wagonjwa 140 wasio na kisukari, ambao lupasi yao haikuwa kali, waliendelea na dawa zao za kawaida. Wengine wakaongezewa metformini, wengine kidonge kisicho na dawa. Baada ya mwaka, ugonjwa ulikuwa umechachamaa kwa 14 kati ya 67 waliopewa metformini, na kwa 25 kati ya 73 wa upande wa pili. Tofauti inavutia, lakini kwa idadi ndogo hivyo ingeweza kutokea kwa bahati tu. Kitakwimu haikufikia kiwango cha kuaminika. Maambukizi, hata hivyo, yalikuwa machache kwa waliotumia metformini.

Kinachonifanya nisite ni figo. Lupasi hupenda kuzishambulia, na metformini hutoka mwilini kupitia hukohuko. Zikilegea, dawa hulimbikizana na damu inaweza kujaa asidi ya laktiki, hali inayoua. Uwezo wa figo kuchuja (eGFR) ukiwa chini ya mililita 30 kwa dakika, dawa hii hairuhusiwi. Kati ya 30 na 45, haifai kuianza. Kuharisha na kichefuchefu ni vya kawaida mwanzoni, na ukiitumia muda mrefu vitamini B12 inaweza kupungua.

Kama prednisoloni ingekuwa imekupandishia sukari, ningekuandikia metformini kwa ajili ya hiyo sukari, figo zikiruhusu. Kwa hali yako ya sasa, nisingeanza. Haidroksiklorokwini usiiache wala usiibadilishe na metformini. Ukitaka kulijadili na daktari wako, nenda na majibu mapya ya kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo) na ya protini kwenye mkojo.