Meza ya kompyuta ya binti yako: usigundishe uso wa meza kwenye fremu

Unataka kumtengenezea binti yako meza ya kompyuta yenye uso wa mbao halisi wa sm 140 kwa 70. Kwa ukubwa huo, unene wa sm 2 utabeba kompyuta, lakini sharti pawe na fremu chini yake. Tumia mbao za sm 8 zilizosimama kwa ubavu pande zote nne, na uongeze moja katikati, la sivyo uso utabonyea taratibu kwa uzito wa skrini.

Kosa linaloharibu meza nyingi ni kugundisha uso kwenye fremu. Mbao hutanuka na kusinyaa kukatiza nyuzi zake, yaani kwenye upana, kadiri unyevu wa hewa unavyobadilika. Kwenye upana wa sm 70 hilo ni milimita kadhaa. Ukiibana kabisa itapasuka. Kaza kwa skrubu kutoka chini, na matundu ya fremu yawe marefu kuelekea upana, pamoja na washa (kipete bapa cha chuma chini ya kichwa cha skrubu), ili skrubu iteleze. Pima urefu wa skrubu kwanza, isije ikatokeza juu!

Vanishi ipake juu na chini kwa idadi sawa ya mikono (matabaka). Upande ulioachwa wazi hunyonya unyevu zaidi, na uso unajikunja.

Kimo usinakili popote. Mketishe kwenye kiti atakachotumia, nyayo zikiwa sakafuni, kisha pima kutoka sakafuni hadi kiwiko kilichokunjwa. Hicho ndicho kimo cha uso wa meza. Kama bado anakua, afadhali uzidishe kimo kidogo, uinue kiti na kumwekea kibao cha miguu. Miguu ya meza ikishakatwa hairefuki.

Tundu la nyaya: kipenyo sm 6, nyuma, mbali na fremu.